Programu Moja, Mazingira Mengi: Jinsi ya Kufundisha Somo la Mipangilio

Mwalimu mwanafunzi aendapo katika mazoezi ya kufundisha hubeba andalio la somo aliloliandika chuoni. Huenda aliliandika Iringa mjini, katika chumba chenye umeme na meza ya kila mtu, kisha akapangiwa shule iliyoko katika bonde la Pawaga, ambako joto la saa saba mchana huwalegeza watoto hata wakasinzia. Au shule ya Mufindi, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai watoto huingia darasani wamejikunyata kwa baridi na ukungu bado umetanda uwanjani. Somo ni lile lile. Mwalimu mwenye busara habadili kiini chake, bali hubadili yale yanayotegemea mahali: wakati wa kazi ya nje, zana, mifano, na idadi ya watoto katika kila kundi. Asiye na busara hufanya moja kati ya mawili. Ama hulilazimisha andalio lake kama lilivyo, ama huliandika upya tangu mwanzo kila ahamapo, na baada ya miaka michache huwa na maandalio sita ya somo moja, kila moja likiwa na kosa lake.

Watengenezaji wa programu za kompyuta hukutana na jambo hilo hilo kila siku. Programu huandikwa katika mashine moja, hujaribiwa katika nyingine, na hatimaye hufanya kazi katika mashine ya tatu ambayo pengine mwandishi wake hataiona kamwe. Ili iweze kuhama bila kuandikwa upya, hawana budi kutenga yale yasiyobadilika na yale yanayobadilika kufuatana na mahali. Haya ya pili ndiyo yaitwayo mipangilio. Makala hii yakusudia kueleza utengano huo, na kuonyesha namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuufundisha katika Darasa la V au la VI hata kama shuleni hakuna kompyuta hata moja.

Namba iliyoandikwa ndani ya kitabu

Naanza na mfano usiohusu kompyuta, kwa sababu ndio unaowaingia watoto upesi zaidi. Vitabu vya sayansi husema kwamba maji huchemka yanapofikia nyuzi 100 za Selsiasi. Mwalimu wa Mbeya mjini akichemsha maji mbele ya darasa na kutia kipimajoto ndani yake, ataona zebaki au spiriti yake imesimama karibu na nyuzi 94, na haipandi tena hata moto ukiongezwa. Nimewaona walimu wanafunzi wakiwaambia watoto kwamba kipimajoto kimeharibika. Kipimajoto hakijaharibika. Mbeya iko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko hukandamiza kidogo kuliko hewa ya pwani, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kule Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako ni chini ya mita 500 hivi, maji yale yale yatafika zaidi ya nyuzi 98 kabla ya kuchemka.

Kanuni ya kuchemka ni moja kila mahali. Kinachobadilika ni mwinuko. Mwandishi wa kitabu aliichukua thamani ya mahali pamoja, yaani usawa wa bahari, akaifunga ndani ya maelezo kana kwamba ni sehemu ya kanuni. Watengenezaji wa programu wana desturi hiyo hiyo mbaya: huandika jina la mashine, njia ya faili, au neno la siri ndani ya msimbo wenyewe, na programu hufanya kazi vizuri sana mezani kwao. Ikifika Matema, hukwama.

Mwaka 2011 Adam Wiggins na wenzake wa kampuni ya Heroku ya Marekani walitoa maelezo ya kanuni kumi na mbili za kutengeneza programu zinazohamishika. Kanuni ya tatu kati ya hizo yahusu mipangilio, na kipimo chake chafaa kukaririwa. Jiulize: je, msimbo wote wa programu hii ukibandikwa ubaoni leo, mbele ya watu wote, kuna siri yoyote itakayofichuka? Kama ipo, basi mipangilio haijatengwa.

Si kila kibadilikacho ni mpangilio wa mazingira

Hapa walimu wanafunzi wengi huchanganya mambo, nami mwenyewe nilichanganya kwa muda mrefu. Tuseme mtu aliandika programu ya takwimu za shule mwaka 2011, akaorodhesha ndani ya msimbo wilaya za Mkoa wa Iringa. Makete, Ludewa na Njombe zilikuwamo. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulianzishwa, na wilaya hizo zikahamia huko. Akaitengeneza upya. Kisha mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukakatwa kutoka Mbeya, ukachukua Mbozi, Ileje na Momba, naye akalazimika kuifungua programu yake mara nyingine.

Mtu huyu alikosea, lakini kosa lake ni tofauti. Orodha ya mikoa hubadilika kadiri miaka inavyopita, walakini kwa siku yoyote ile ni moja katika kompyuta zote za nchi. Kompyuta ya Mafinga na kompyuta ya Tukuyu zapaswa kuwa na orodha ile ile. Hiyo ni taarifa, na mahali pake ni katika kanzidata pamoja na majina ya wanafunzi na alama zao. Mpangilio wa mazingira ni kile tu kinachotofautiana kati ya mashine na mashine kwa wakati ule ule: kanzidata iko wapi, ujumbe utumwe au usitumwe, ni akaunti gani itumike, programu isikilize katika mlango gani wa mashine, ni saa za eneo gani. Vitu hivyo huwa vichache. Ukiona orodha ya mipangilio imefika kurasa tatu, shuku kwamba taarifa zimejipenyeza humo.

Mazingira matatu na sensa mbili

Kwa kawaida programu hupitia mazingira matatu: ya utengenezaji, ambamo mwandishi huvunja na kujenga apendavyo; ya majaribio, ambayo yapaswa kufanana na kazi halisi kwa kila kitu isipokuwa watu wa kweli; na ya kazi halisi, ambamo kosa humfikia mtu.

Nchi yetu ina mfano ambao kila mtoto wa leo ameusikia nyumbani. Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza Tanzania kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi yaliyotumika mwaka 2012 na kabla ya hapo. Mwaka 2021 ilitangulia sensa ya majaribio. Maswali yaliulizwa, majibu yakapokewa, lakini hakuna aliyeyajumlisha majibu hayo katika hesabu ya watu 61,741,120 iliyotangazwa baadaye. Majaribio yalikuwa na ghala lake na kazi halisi ilikuwa na ghala lake. Waulize watoto: ingekuwaje kama maghala hayo yangechanganyika? Darasa moja la Iringa lilinijibu kwamba nchi ingekuwa na watu wengine waliohesabiwa mara mbili, na kijana mmoja akaongeza kwamba babu yake, aliyefariki kati ya sensa hizo mbili, angehesabiwa hai.

Mfano huo una faida ya pili. Karani wa Mufindi na karani wa Kyela waliuliza maswali yale yale. Kilichowatofautisha ni eneo la kuhesabia alilopewa kila mmoja. Na baada ya sensa, vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu ili vitumike katika kufundishia. Chombo ni kile kile, kazi ni nyingine, mazingira ni mengine. Mwalimu aliye nacho anaweza kukishika mbele ya darasa na kuuliza ni nini ndani yake lazima kibadilike kabla mtoto hajakigusa, na ni nini kibaki.

Mchezo wa bahasha

Sasa nifike kwenye njia ya kufundisha. Zana ni chache: karatasi moja ya manila, bahasha tatu, na vijikaratasi kumi na tano hivi. Juu ya manila andika maagizo kwa kalamu nene, na kila penye kubadilika acha nafasi yenye jina lake:

Nenda kwenye MAHALI.
Chukua daftari lililo katika GHALA.
Soma jina la kwanza.
Kama TUMA_UJUMBE ni ndiyo, mpelekee MPOKEAJI habari.
Rudi ukae.

Manila hii ndiyo programu. Ibandike ubaoni na waambie watoto kwamba tangu sasa hakuna mtu, hata mwalimu, anayeruhusiwa kuigusa kwa kalamu. Kisha tayarisha bahasha. Ya kwanza iandikwe DAWATI LANGU, ya pili DARASA LA MAJARIBIO, ya tatu OFISI YA MWALIMU MKUU. Ndani ya kila bahasha mna vijikaratasi, kila kimoja na jina na thamani yake. Katika bahasha ya majaribio, kwa mfano, mtoto atakuta haya:

MAHALI=kona ya nyuma ya darasa
GHALA=sanduku jekundu
TUMA_UJUMBE=hapana
MPOKEAJI=kiranja wa darasa

Mtoto mmoja huitwa kuwa kompyuta. Hupewa bahasha moja, husoma manila, na kila anapofika penye jina hutafuta kijikaratasi chake. Akishamaliza, mwingine huitwa na kupewa bahasha nyingine. Baada ya zamu tatu darasa lote huwa limeona kwa macho kwamba maagizo hayakubadilika hata herufi, ilhali matendo yalikuwa matatu tofauti. Katika kompyuta halisi vijikaratasi hivi huitwa vigeu vya mazingira: ni majina yenye thamani ambayo mashine huyashika nje ya programu, na programu huyauliza inapoanza. Mara nyingi huandikwa katika faili dogo la maandishi, mstari mmoja kwa kila jina, kama vile nilivyoandika hapo juu.

Usiishie hapo. Zamu ya nne ndiyo yenye manufaa makubwa. Toa kwa siri kijikaratasi cha GHALA katika bahasha mojawapo, kisha mwite mtoto. Atafika penye neno hilo na kupapasa bahasha tupu. Wengine husimama na kumtazama mwalimu. Wengine, hasa wale hodari, huchukua daftari lolote lililo karibu ili wasionekane wameshindwa. Darasa lijadili ni nani kati yao amefanya vyema. Programu iliyoandikwa vizuri hukagua bahasha yake yote kabla ya hatua ya kwanza. Ikikosa kitu cha lazima husimama hapo hapo na kutaja jina la kilichokosekana. Ile inayobahatisha huendelea mpaka katikati ya kazi, na hapo madhara huwa yamekwisha kutendeka.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo yaweza kuwa na thamani ya msingi, yaani thamani itakayotumika kama bahasha haikusema lolote. Lugha ya maandishi ni mfano mzuri: isipotajwa, iwe Kiswahili. Kanuni ya kuchagua thamani ya msingi ni kutazama ni upande upi usioumiza mtu. Kijikaratasi cha TUMA_UJUMBE kikikosekana, programu isitume.

Neno “hapana” lilipofanya kazi ya “ndiyo”

Nasimulia tukio moja, kwa kuwa ndilo lililonifanya nianze kufundisha mchezo huu. Shule yenyewe iko vijijini katika Nyanda za Juu Kusini, na haitatajwa. Mwalimu mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii, alitengeneza programu ndogo ya kuwapelekea wazazi alama za mtihani kwa ujumbe mfupi wa simu. Alikuwa amesoma kuhusu mipangilio na aliitenga kama ipasavyo. Katika faili lake la majaribio aliandika TUMA_UJUMBE=hapana. Alama zilikuwa bado hazijaingizwa, kwa hiyo jedwali lilikuwa na sifuri tupu. Namba za simu, kwa kutaka kupunguza kazi, alizinakili kutoka katika rejista ya shule. Jioni aliiendesha programu ili aone kama orodha inasomeka.

Asubuhi yake nilikuwa nimekwenda kumkagua. Mzazi mmoja alikuwa amefika kabla ya kengele, amemshika binti yake mkono. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba radhi kwa alama za mtoto wake, na kutueleza kwamba amekwisha kumwadhibu. Binti hakuinua uso. Alama zake halisi, zilipojulikana wiki iliyofuata, zilikuwa za tatu kutoka juu.

Tulikaa na yule kijana saa nzima mbele ya msimbo kabla hatujaliona kosa. Programu yake haikuuliza, “Je, kijikaratasi kinasema ndiyo?” Iliuliza tu, “Je, kijikaratasi kina kitu?” Kilikuwa na kitu: neno hapana, herufi sita. Kwa mashine, kila kinachotoka katika bahasha ni maandishi, na katika lugha nyingi za programu maandishi yoyote yasiyo tupu huhesabiwa kuwa ni kweli. Hata neno sifuri, hata neno uongo. Mwandishi hana budi kuyatafsiri maandishi yale yeye mwenyewe: yakiwa ndiyo, basi ndiyo, yakiwa hapana, basi hapana, yakiwa kitu kingine, programu isimame na kusema kwamba haielewi.

Sisemi kwamba hilo lilikuwa kosa pekee. Mazingira ya majaribio hayakupaswa kuwa na namba ya simu ya mtu wa kweli hata moja. Tena akaunti ya kutumia ujumbe ilikuwa moja kwa majaribio na kwa kazi halisi. Ingekuwa mbili, ile ya majaribio ikiwa haina salio, ujumbe usingetoka hata kama programu ingekosea. Palikuwa na milango mitatu, na yote ilikuwa wazi jioni ile. Kijana alikwenda nyumbani kwa wazazi wote, mmoja mmoja, kwa miguu na kwa baiskeli, siku mbili. Yule binti alimwomba radhi mbele ya baba yake.

Kwa hiyo katika mchezo wa bahasha, zamu ya tano huwa ni hii. Mwite mtoto, mpe agizo jipya la mdomo: “Kama kijikaratasi cha TUMA_UJUMBE kipo, peleka habari.” Mpe bahasha yenye TUMA_UJUMBE=hapana. Wengine watatii agizo na kupeleka, wengine watasita na kusema, “Lakini Mwalimu, kimeandikwa hapana!” Hapo ndipo pa kuwaeleza tofauti kati ya mtu na mashine. Mtu husita. Kompyuta haisiti.

Saa, ambayo hututatiza sisi zaidi

Katika mipangilio yote, saa za eneo ndizo hudharauliwa mno. Seva nyingi huhesabu kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Programu ikiambiwa ifanye kazi fulani saa 8:00 kwa hesabu ya kimataifa, na mashine haikuwekewa jina la eneo letu, ambalo huandikwa Africa/Dar_es_Salaam, kazi itafanyika saa yetu inapoonyesha 11:00, yaani saa tano asubuhi. Mtoto wa Kiswahili naye akiona 8:00 atasoma saa nane mchana. Basi kuna saa tatu katika namba moja, na kila msomaji ana yake. Chora saa tatu ubaoni na uache darasa libishane, usiwakatize mapema. Mimi hupenda kanuni hii: ndani ya kanzidata ihifadhiwe saa ya kimataifa, na kugeuzwa kuwa saa ya mahali kufanywe mwishoni tu, wakati wa kumwonyesha msomaji.

Siri hazikai pamoja na mengine

Neno la siri la kanzidata ni mpangilio kama mipangilio mingine, kwa maana hutofautiana kati ya mazingira. Lakini bahasha yake hufungwa kwa gundi. Nakala ya faili la mipangilio iliyo na majina matupu bila thamani yafaa iwekwe pamoja na msimbo, ili anayekuja ajue ni vitu gani vinavyohitajika. Thamani zenyewe zishikwe na mwenye dhamana. Katika mchezo, bahasha ya tatu huwa mikononi mwa mwalimu mkuu, na mtoto aliye kompyuta huenda kubisha hodi ofisini. Baadhi ya wakuu wa shule hulifurahia jambo hili kuliko watoto.

Siri iliyokwisha kuandikwa ndani ya msimbo ikasambazwa haifutiki kwa kuifuta tu, kwa kuwa nakala za zamani hubaki nayo. Dawa yake ni kubadili neno lenyewe la siri.

Mfano wa programu iliyotengwa vizuri

Wenye kompyuta shuleni waweza kuonyesha jambo hili kwa Kolibri, programu ya bure ya kujifunzia iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, nayo ina maandishi ya Kiswahili. Kompyuta moja huwa seva, na vishikwambi vya darasani huunganishwa nayo bila waya hata kama kijiji chote hakina mtandao. Isipoambiwa lolote, Kolibri husikiliza katika mlango wa 8080, na taarifa zake huziweka katika folda yake ya kawaida. Lakini kigeu kiitwacho KOLIBRI_HTTP_PORT huweza kubadili mlango, na kile kiitwacho KOLIBRI_HOME huweza kuzihamishia taarifa mahali pengine, tuseme katika diski ya nje yenye nafasi zaidi. Thamani ya msingi ipo, bahasha huishinda, na msimbo haukuguswa. Kwa maabara ya chuo na kwa shule yenye kompyuta moja ya zamani, programu ni ile ile.

Nikitaja kufanana kwa mazingira, sina budi kutaja upande wake wa hatari. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipeleka msimbo mpya katika seva zake. Seva zilikuwa nane. Saba zilipata msimbo mpya na ya nane ikasahauliwa. Kibaya zaidi, alama ya kuwashia kazi mpya ilikuwa ni ile ile iliyowahi kutumika zamani kuwashia kazi nyingine iliyokwisha kuachwa. Ilipowashwa, seva saba zilifanya jipya na ya nane ikafufua la zamani. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Kijikaratasi kilikuwa sahihi. Manila ya chumba kimoja ndiyo ilikuwa ya mwaka mwingine. Waweza kuigiza tukio hili kwa kubandika manila nane ndogo ukutani, moja ikiwa na agizo tofauti, na kuwauliza watoto wangewezaje kuligundua kabla ya kuanza kazi. Jibu la kawaida ni kutuma mtu azisome zote. Darasa moja lilipendekeza kila manila iandikwe namba ya toleo pembeni, nayo kompyuta ikatae kuanza kama namba hazilingani. Ndivyo wafanyavyo wataalamu.

Mpango wa vipindi

Kazi hii yahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Katika kipindi cha kwanza fanya jaribio la maji kama una jiko na kipimajoto, kisha zamu tatu za bahasha. Usiharakishe, watoto wa nyuma nao wapate kuwa kompyuta. Zamu ya nne na ya tano ziwe za kipindi cha pili, pamoja na mabishano ya saa. Darasa likiwa na watoto zaidi ya 60, kama yalivyo madarasa mengi tutakayokutana nayo, ligawe katika makundi sita, na kila kundi liwe na manila yake ndogo na bahasha zake.

Kwa kupima uelewa, nimeona mtihani wa kuandika maana za maneno haufai kitu. Badala yake, wape watoto maelezo mafupi ya shule wasiyoijua: haina umeme mchana, ina kishikwambi kimoja, mwalimu mkuu ndiye mwenye simu, nayo iko kando ya Ziwa Nyasa. Waambie waandike bahasha ya shule hiyo kwa ajili ya manila ile ile ya ubaoni. Atakayeomba ruhusa ya kubadili manila bado hajaelewa, na arudi kuwa kompyuta mara moja zaidi. Atakayeuliza kijikaratasi fulani kikikosekana itakuwaje, mwache awaulize wenzake. Kipindi kikiisha, kusanya bahasha zote, hesabu vijikaratasi, na ile iliyofungwa kwa gundi irudishwe ofisini na mtoto yule yule aliyekwenda kuichukua.